Shajara ya mradi: DT125 ya njia za milimani Lushoto

Naandika hii kwa ajili ya yeyote mwenye tustroki (pikipiki ya injini ya mipigo miwili) ya zamani imelala bandani na anataka kuiamsha aitumie njia za milimani. Naongeza kadiri kazi inavyokwenda. Bei zote ni shilingi za Tanzania, na ni nilizolipa mimi mwenyewe.

8 Februari 2025: imefika nyumbani

Ni Yamaha DT125, ile inayopoozwa na upepo, cc 123, shokapu moja ya nyuma inayolala chini ya tanki. Ilianza maisha kwenye mradi wa maji huko nyuma, ikapita mikono mingi, mwenye nayo wa mwisho alikuwa anabebea magunia ya karoti toka Lukozi mpaka kiki ikawa inashuka yenyewe bila kubana kitu. Nimeitoa kwa 550,000, haiwaki, tairi zimekwisha, ila krenkishafti (shafti kuu ya injini) haina mchezo juu chini na fremu haijawahi kuchomelewa, na hivyo viwili ndo nilivyokuwa naviangalia.

Kwa nini tustroki na si hizi fostroki za siku hizi ambazo spea zake ziko kila duka? Njia ninazotaka kupita ni vijia vya miguu vya kwenda mashambani, upana wa bega, mawe, mizizi, kona za kugeukia papo hapo na mlima unaosimama kama ukuta. Hapo unataka pikipiki unayoweza kuibeba ikianguka. Tustroki haina valvu za kwenye hedi wala kemshafti, juu ya krenki kuna pistoni, bloku na hedi basi, na inapiga kila mzunguko mmoja wakati fostroki inapiga kila mizunguko miwili, kwahiyo injini ndogo inatoa nguvu kuliko unavyoitegemea. Na mie huo mlio nimekua nao, bwana shamba wa kijijini kwetu alikuwa na DT na tulikuwa tunamjua yuko kona ya ngapi kabla hajatokea.

Nimeipima kwenye ghala la viazi, mizani ya chini ile ya kupimia magunia. Mara ya kwanza nilipima gurudumu la mbele peke yake la nyuma likiwa chini sakafuni, namba ikatoka ya ajabu, nikarudia mara mbili haziendani. Lazima gurudumu lingine uliinue kwa ubao usawa uleule wa mizani, ndo ujumlishe mbele na nyuma. Jumla: kilo 109, na petroli kama lita moja. Lengo langu ni 90.

16 Februari: kupunguza uzito

Kazi ya spana tu hii, siku moja. Keria ya nyuma ya nondo kilo 3.8, keria ya mbele 1.9, betri 1.6, vikanyagio vya abiria 1.2, indiketa nne 0.7. Madigadi ya chuma aliyotengenezewa huyo mwenye karoti nimetoa, nimetengeneza mapya kwa pipa la plastiki la bluu (12,000, na limebaki la kutosha madigadi mengine manne). Unakata umbo kwa msumeno, unalipasha juu ya jiko la mkaa kwa mbali, ukiona linaanza kung'aa na kulegea unalikandamiza juu ya tairi la zamani ulilolilaza, unashikilia na gunia bichi mpaka lipoe. Usilisogeze karibu na moto, langu la kwanza lilikunjamana kama chapati. Nimeokoa kilo 1.7 hapo.

Taa ya mbele, taa ya breki na namba nimeacha, maana barabarani lazima nipite kabla ya kufika kwenye vijia.

Jumla nimetoa 10.9. Nikaongeza bamba la alumini chini ya injini kuzuia mawe, 0.9, 30,000. Sasa iko kilo 99.

2 Machi: bloku, pistoni na zile kingo

Bloku (silinda anamopanda na kushuka pistoni) ilikuwa imelika, ringi (pete za pistoni) zimeshika kwenye kaboni. Nimenunua pistoni kiti ya oversaizi 0.50 (nene kwa nusu milimita kuliko ya awali) kwa 85,000, gasketi 15,000, nikapeleka bloku kuborishwa (kupanuliwa tundu liendane na pistoni) mjini, 50,000. Fundi wa pale anabori bloku za magari na bodaboda kila siku na kipenyo alichotoa kilikuwa safi, nimepima nafasi kati ya pistoni na ukuta kwa fila geji, 0.05 inaingia kwa kubana kidogo, ndo niliyotaka.

Nikarudi nayo nikitaka kufunga usiku uleule. Bahati nilipita kwanza kwa mzee mmoja hapa, alikuwa fundi wa pikipiki za misheni tangu ujana wake, nikamuonyesha kwa furaha. Akaingiza kidole ndani ya bloku akapitisha kucha taratibu toka juu kushuka chini. Kucha ikakwama. Akanipa na mie nipitishe, pale tundu la eksozi linapoanzia ukingo ulikuwa mkali kama wembe mpya.

"Huyu amekuboria vizuri mwanangu, ila amekuachia kisu," akasema. "Ringi ikifika hapa inachungulia nje kidogo, ikirudi inakutana na kisu."

Hii ndo tofauti ambayo fundi aliyezoea fostroki haijui, na si kosa lake kwa sababu bloku ya fostroki haina matundu ukutani. Ya tustroki inayo, ya eksozi na yale ya kupitishia mchanganyiko, na kila ukibori kingo zake zote zinakuwa kali upya. Lazima uzilainishe. Tumekaa saa mbili na tupa ndogo ya duara na msasa namba 400 uliozungushiwa kalamu, tunavunja ule ukali tu, hatupanui tundu. Ukimaliza kucha inapita inateleza. Kisha unaosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, kitambaa cheupe kikitoka cheupe ndo umemaliza.

La pili, ringi. Kwenye pistoni ya tustroki kila mfereji una kipini kidogo na midomo ya ringi inakaa hapo hapo, haizunguki, maana ikizunguka mdomo wake unaangukia kwenye tundu unavunjika. Usizipange kwa kuachanisha midomo kama unavyofanya fostroki. Na mshale wa juu ya pistoni unatazama eksozi.

15 Machi: imewaka, na nimetoa pampu ya oili

Kiki ya saba imewaka. Moshi mwingi wa bluu, majirani wametoka nje, nimefurahi sana.

DT inakuja na mfumo wa Yamaha unaoitwa Autolube, pampu ndogo inayovuta oili ya 2T (oili ya injini za tustroki) toka kwenye tanki lake na kuidunga kwenye njia ya kuingilia mchanganyiko. Nimeitoa. Sababu mbili, kwanza pampu na tanki lake na oili yake ni kilo 1.9, pili kila mtu ananiambia pampu za zamani haziaminiki, changanya oili kwenye petroli ulale usingizi. Nimeziba tundu la pampu kwa kibamba na gasketi ya karatasi.

Mchanganyiko wa kulainishia injini mpya: 1 kwa 25, yaani lita 5 za petroli unatia mililita 200 za 2T. Napima kwa chupa ya dawa ya kikohozi, siamini vifuniko.

Kabureta ni Mikuni ya milimita 24, ilikuja na jeti kubwa (kijitundu kinachopima petroli, namba ikiwa kubwa petroli inapita nyingi) ya 130. Huku Lushoto tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kuliko bondeni, kwahiyo mafuta yanazidi, inakohoa juu ya resi. Nimenunua jeti nne za saizi tofauti, 20,000. Nimeshuka mpaka 115, nikapanda nayo Magamba ambako ni juu zaidi, inaimba. Plagi imetoka rangi ya kahawa yenye maziwa. Nikaona nimemaliza.

23 Machi: imekamata Mombo

Nilishuka Mombo kufuata cheni na sproketi (70,000). Toka Lushoto ni kama kilomita 33, zote mteremko na kona, na mie nilishuka nikiwa nimefunga mafuta (nimeachia kishikio cha mkononi), gia ya tatu, naacha injini inishikilie. Nilipofika chini kwenye barabara tambarare nikafungua mafuta yote kuona inakimbiaje. Kama nusu kilomita hivi nikasikia sauti imebadilika, imekuwa kavu, kama mtu anasugua sufuria, halafu gurudumu la nyuma likafunga. Ndo kukamata huko, pistoni imeng'ang'ania ndani ya bloku. Nilikuwa na vidole viwili juu ya klachi kwa mazoea, nikaibana, nikateleza mpaka pembeni nimesimama. Kama sio vile vidole ningeanguka vibaya. Ukiendesha tustroki ambayo hujaizoea weka vidole kwenye klachi muda wote, usione uvivu.

Baada ya nusu saa ikazunguka tena kwa kiki. Nikaipandisha kwenye Canter ya kabichi iliyokuwa inarudi tupu.

Nimefungua: pistoni ina mikwaruzo upande wa eksozi, alumini imejipaka kwenye bloku lakini bloku yenyewe haijachimbika. Nilichoamini siku hiyo ni hiki. Jeti ya 115 nimeipangia hewa nyepesi na baridi ya Magamba, nikashuka nayo mpaka kwenye mita mia nne na kitu, joto kali, hewa nzito, petroli ikawa kidogo ukilinganisha na hewa, injini ikachemka. Na ni kweli kabisa kwamba hilo ni kosa, ukishuka bondeni weka jeti kubwa kwanza, bora ikohoe kuliko ikamate.

La pili lililoniuma zaidi ni ule mteremko. Kwenye tustroki ya kuchanganya, oili inaingia pamoja na petroli. Ukifunga mafuta petroli haiingii, basi na oili haiingii, wakati injini inazungushwa na gurudumu kwa kasi ileile. Kilomita 33 nimeikausha koo halafu chini nikaiambia ikimbie. Pampu ya Autolube inafuata mzunguko wa injini pamoja na waya wa mafuta, hata ukifunga inaendelea kudondosha kidogo. Waliotengeneza hiyo pampu walikuwa wanajua wanachofanya.

Lakini bado sikuirudisha. Nilikuwa na uchungu na zile kilo 1.9.

5 Aprili: ringi mpya, na kosa la eksozi

Alumini nimeitoa kwenye bloku kwa msasa na subira, pistoni nimeilainisha mikwaruzo, ringi mpya 20,000, gasketi 15,000. Jeti nimerudisha 130 nikaacha hapohapo.

Wakati inapumzika nikawa naiangalia eksozi. Lile tumbo la chuma lilivyo zito, na kutu. Nikampelekea kijana wa kuchomelea, tukakata tumbo lote tukaweka bomba lililonyooka toka kwenye shingo mpaka kwenye kopo la mwisho, 15,000, kilo 2.4 zimetoka. Ikawa na mlio wa kutisha na haipandi hata kilima cha nyumbani. Chini haina kitu, katikati haina kitu, juu kabisa inapiga kelele tu.

Nimeelezwa na nimekuja kuelewa. Kwenye tustroki tundu la eksozi linabaki wazi wakati mchanganyiko mpya unaingia, na sehemu yake inatorokea nje. Lile tumbo linavyopanuka na kubana tena linatengeneza wimbi la msukumo linalorudi nyuma na kuusukuma ule mchanganyiko urudi ndani kabla pistoni haijaziba tundu. Tumbo ni sehemu ya injini, kama vile hedi ilivyo, na urefu na mapana yake vimepigiwa hesabu. Ukiweka bomba umeondoa mkono uliokuwa unafunga mlango.

Vipande nilikuwa sijavitupa. Kuvirudisha vilevile, tukipima kila pembe kwa kuangalia alama za kutu, 35,000 na siku nzima. Ndani tumetoa kaboni kwa kuichoma kwanza, imetoka kama masizi ya jiko la kuni, na hilo peke yake limeongeza uhai kuliko kitu chochote nilichofanya kwenye eksozi.

4 Mei: imekamata tena

Masika, njia zote ni utelezi mwekundu, nimekaa wiki mbili bila kuendesha. Leo jua limetoka, nimeshuka mpaka Soni tu, nikawa napandisha kurudi. Jeti 130. Mafuta nusu. Nilikuwa nimeshaanza kuhisi kitu, nikifunga mafuta kwenye kona resi inabaki juu sekunde mbili tatu ndo inashuka, na silensa (mzunguko wa injini ikiwa haijapewa mafuta) asubuhi moja iko chini asubuhi nyingine inapiga kelele yenyewe. Nikasema ni waya wa mafuta umekauka. Nikatia oili kwenye waya.

Kilomita tano juu ya Soni ikafunga, na safari hii haikuachia.

Ndani pistoni imechimbika mpaka ringi zimezama, bloku ina mfereji unaoingia ukucha. Nimekaa chini bandani muda mrefu sana bila kushika spana.

10 Mei: kipimo cha presha

Nikarudi kwa mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia imelala tena. Jeti umebadilisha mara ngapi?"

"Mara nne mzee."

"Na hewa umeipima mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akaingia ndani akatoka na kipimo cha presha, kile cha kupimia wagonjwa, chenye mshale na kile kibofu cha kubana kwa mkono. Kitambaa cha mkononi kilishachanika zamani, yeye alikibakiza kwa kazi hii.

Naeleza polepole kwa sababu hii ndo sehemu ningependa mtu aichukue hata akiacha mengine yote.

Injini ya tustroki inavuta pumzi kupitia chini, kwenye nyumba ya krenkishafti. Pistoni ikipanda inavuta, ikishuka inasukuma. Kwahiyo ile nyumba lazima isiwe na tundu lolote. Pembeni mwa krenki kuna sili mbili, pete za mpira za kuzuia kuvuja. Ya upande wa kulia inatenganisha na oili ya gia boksi, ikifa injini inakunywa oili ya gia, moshi mweupe hauishi na kipimo cha gia boksi kinapungua, utaona mwenyewe. Ya upande wa kushoto iko nyuma ya magneto (inayozalisha umeme wa plagi) na nje yake kuna hewa tu. Hiyo ikifa inavuta hewa kavu kimyakimya, hakuna moshi, hakuna oili inayomwagika, injini inakimbia vizuri kuliko kawaida mpaka siku inakamata. Na resi inayochelewa kushuka ndo sauti yake. Ilikuwa inaniambia mwezi mzima.

Nilivyopima: nimefunga bloku ileile mbovu na gasketi zake maana kwa kipimo hiki inatosha. Tundu la eksozi nimeziba kwa kipande cha tyubu ya tairi na kibamba cha bati nene kilichobanwa na nati zake. Upande wa kabureta seremala amenichongea kizibo cha mbao kinachoingia kwenye mpira wa kabureta na kubanwa na klipu yake, katikati kimetobolewa kikapita kijibomba, nimepaka gundi. Plagi iko mahali pake. Pistoni iko chini kabisa ili matundu yote yawe wazi juu na chini. Kisha unaunga bomba la kipimo, unabana kibofu taratibu mpaka mshale ufike 300. Hiyo ni kama 0.4 baa, usizidishe, utasukuma sili nzima nje. Halafu unafunga kikoki unaangalia saa.

Injini nzima inatakiwa ikae dakika kadhaa mshale umetulia. Wangu ulianguka toka 300 mpaka 100 kwa sekunde 20.

Tukatoa kifuniko cha magneto, tukapaka maji ya sabuni kwa brashi ya rangi kila mahali. Kwenye gasketi ya bloku hakuna kitu. Nyuma ya magneto, mzee akanyunyiza maji kidogo, povu likatoka kubwa kama kichwa cha mtoto, likapasuka, likatoka lingine.

Nilinyamaza. Kukamata mara mbili, pistoni na bloku, na kumbe sili ya elfu kumi na mbili.

31 Mei: sili, pampu inarudi

Magneto haitoki kwa nyundo. Nimeona watu wanaipiga, ukiipiga unaipinda krenkishafti ambayo ndo kitu pekee ghali kabisa kwenye injini hii. Nimekerezewa pula yenye uzi wa kuingia kwenye kitovu chake, 25,000, imetoka kwa mlio mmoja mkali kama risasi, usiogope.

Sili ya kushoto imetoka kwa nje bila kufungua nyumba ya krenki. Unatoboa tundu dogo kwenye bati la sili kwa uangalifu usiguse shafti, unaingiza skrubu, unaivuta kwa koleo. Nimekwenda nayo duka la beringi, kwenye uso wake kuna namba tatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, ukiwa na hizo hata jina la pikipiki huhitaji. Sili mbili, kushoto na kulia, 24,000. Ya kulia nimebadilisha kwa sababu zilizaliwa siku moja. Mdomo wa sili upake grisi kidogo kabla ya kuingiza, ukiingia mkavu unajikunja.

Bloku imeborishwa mpaka 1.00, 50,000, pistoni 85,000, gasketi 15,000. Hapo ndo mwisho wa oversaizi kwa bloku hii, ikikamata tena natafuta bloku nyingine. Kingo tumezilainisha wenyewe.

Pampu imerudi. Nimeiosha, nimebadilisha bomba la oili likawa lile linaloonekana ndani. Pampu iliyokaa kavu ina upepo tumboni na ukiwasha hivyohivyo unaua injini mpya kwa dakika chache, kwahiyo kuna skrubu ya kutolea upepo pembeni yake, unailegeza mpaka oili itoke bila mapovu, unaifunga. Na tanki la kwanza la petroli nimelichanganya oili kidogo kama kinga ya pili, mpaka nilipoona kwa macho yangu oili inatembea kwenye lile bomba. Waya wa pampu una alama, mafuta yakiwa yamefunguliwa kama kitabu kinavyosema alama zinakutana, usibahatishe.

Kipimo baada ya kufunga: 300, dakika sita baadaye 290. Nilikaa nayo hizo dakika sita nimepiga magoti.

21 Juni: jeti, safari hii kwa haki

Jeti 130 ileile iliyonikamatia Soni, sasa inakohoa kwa mafuta mengi. Maana yake ile hewa iliyokuwa inaingia ilikuwa inanidanganya kila jeti niliyoweka, nilikuwa napanga kabureta kulingana na tundu. Nimeweka 125, sindano klipu ya katikati, plagi rangi ya kahawa tena (plagi tatu mpaka sasa, 24,000 zote). Nikienda Mombo naweka 130 kabla ya kutoka nyumbani na kwenye mteremko kila baada ya kona chache navuta mafuta kidogo hata kama pampu ipo.

Resi inashuka papo hapo unapofunga. Nimekaa nasikiliza hilo tu.

12 Julai: mengine yote, na Mtae

Bushi za swingiamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) zilikuwa zimelika, nimekerezewa za shaba, 40,000. Shokapu za mbele nimetia oili ile ya gia boksi za otomatiki, inafanya kazi vizuri kwa baridi yetu. Shokapu ya nyuma kuna mtu alitaka kuitoboa aone ndani, nikamkatalia, ndani ina gesi ya naitrojeni yenye presha kubwa, isitobolewe wala kuchomelewa na mtu yeyote. Tairi ya nyuma inchi 18 imepatikana kirahisi, 80,000, ya mbele inchi 21 imenitesa wiki tatu mpaka ikaja na basi toka Dar, 95,000. Sproketi ya mbele nimepunguza toka meno 15 mpaka 13. Oili ya 2T mpaka leo 40,000.

Jumla kuu na pikipiki yenyewe ni 1,395,000. Ndani ya hiyo, kukamata mara mbili na eksozi vimekula 235,000.

Uzito wa mwisho, mizani ileile ya viazi, ubao chini ya gurudumu: kilo 99. Sikufika 90 na nimeacha kuifukuzia, kilichobaki ni chuma kinachofanya kazi.

Jumamosi nimekwenda Mtae na kurudi, kupitia Magamba na Lukozi, barabarani na kwenye njia za mashamba, ndani ya msitu wa hifadhi sikuingia. Kabla ya Mtae kuna kijia kinapanda katikati ya mashamba ya maharage, mawe yamelegea, kinamama wanapita na vichwa vimebeba majani, nilizima nikasubiri wapite. Mama mmoja akauliza, "Hii si ile ya zamani ya bwana shamba?" Nikamwambia ndo hiyohiyo mama, imefufuka. Nikapiga kiki, moja tu, gia ya kwanza, ikapanda mpaka juu bila mie kuweka mguu chini.

Plagi niliyotoa jioni iko kahawia. Bado breki ya mbele haishiki inavyotakiwa kwenye mvua, wiki ijayo natoa viatu vyake na kukereza dramu, nikimaliza naandika hapa.